Kazi ya Mfua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ruweyda alifagia ua, akachochea makaa, akamwekea mama yake maji ya moto ya kukandia goti. Kisha alisimama langoni kumngoja punda wa maji. Mtaa mzima wa Waberi, mjini Garissa, ulimjua punda huyo. Alivuta mkokoteni wa mapipa kutoka mto Tana, na kila alipofika mbele ya nyumba yao aligoma kusogea, hata mwenyewe amsihi, amtukane au amwimbie. Ruweyda alimwonea huruma mwenye punda, lakini kucheka alicheka.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, darasa la saba, msichana mwepesi wa kushika masomo na mwepesi zaidi wa kujibu. Mwalimu wake alizoea kumwambia, "Ruweyda, ngoja swali liishe." Yeye aliona maswali ya watu yanachelewa kuisha bila sababu.

Mwaka huo wa 1998 nyumba yao ilikuwa na mawazo. Mvua ya El Nino ilikuwa imenyesha miezi kadhaa bila huruma. Mto ulifurika, barabara zikakatika, na ukuta wa jiko ukamwangukia mama yake, Muslimo, ukamuumiza goti. Mbuzi wengi wa baba yake, Mzee Mowlid, walisombwa na maji. Waliobaki wakamalizwa na ugonjwa uliofuata mvua. Mzee aliyezoea kuamka alfajiri na kwenda kuwaangalia mbuzi wake, sasa aliamka na kukaa tu juu ya mkeka, tasbihi mkononi.

Jioni moja alisema bila kumtazama mtu, "Nyumba hii nimeshindwa kuilisha. Kinsi asipopata kazi, Ruweyda ataacha shule aende Hadado kwa nyanya yake. Ayeeyo ana ngamia wachache na macho yake yamechoka. Huko angalau kuna maziwa."

Ruweyda alimpenda Ayeeyo, lakini usiku huo alilia chini ya shuka. Hadado ilikuwa mbali, ndani ya Wajir, na hakujua msichana yeyote aliyetolewa shule akapelekwa machungani kisha akarudi darasani. Tumaini lake lote sasa lilikuwa kwa dada yake Kinsi, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia na ambaye alikuwa amebisha hodi katika kila ofisi ya Garissa bila mafanikio.

Shuleni kwao Kisomali kilikatazwa. Aliyekisema alivishwa kibao shingoni hadi jioni. Kwa hiyo hata umbea ulinong'onezwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili chenye ladha ya nyumbani, ambamo p iligeuka b na v ikawa f. Siku moja wakati wa mapumziko, rafiki yake Bishara alimvuta kando.

"Mjomba wangu anaendesha gari la ule mradi mbya," alisema Bishara. "Wanatafuta msichana aliyemaliza fomu foo. Mwambie dada yako aende Jumatatu."

"Kazi gani?"

"Kazi ya mfua. Kila asubuhi."

Kengele ikalia. Ruweyda alikuwa ameshasikia alichosikia: kazi ya kufua. Hakuuliza tena.

Nyumbani aliipeleka habari hiyo kwa Kisomali kizuri kisicho na shaka. Wanataka msichana wa kuwafulia nguo kila asubuhi. Kinsi aliyekuwa akichambua mchele alisita kidogo.

"Kufua tu, na wanataka kidato cha nne?" aliuliza. "Labda nguo zao zinajua kusoma."

Mama alicheka hadi akashika goti. Kisha akasema, "Kazi ya halali haina aibu. Nenda ukawasikilize, mwanangu. Lakini usiingie peke yako katika ofisi ya watu tusiowajua. Ruweyda atafuatana nawe."

Jumatatu Ruweyda aliombewa ruhusa shuleni. Kinsi alikuwa amepiga pasi buibui lake kwa pasi ya makaa, akaoga, akajifukiza uvumba kidogo, akachukua cheti chake. Njiani Ruweyda hakunyamaza. Moyo wake ulivutwa huku na huku. Aliitaka kazi ipatikane asipelekwe Hadado, na wakati huohuo aliona uchungu dada yake, msomi wa kwanza katika ukoo, ainamie karai la watu.

"Ukiingia tu, waambie umesoma," alisema. "Waambie kazi hiyo si ya kiwango chako. Wakiwa nayo nyingine, waitoe."

"Nimeitwa kusikiliza, abaayo, mdogo wangu," Kinsi alijibu. "Acha nisikilize kwanza."

Walifika mapema. Mlinzi aliwauliza, "Mnaenda wabi?" Kinsi akamweleza kwa upole, nao wakaketi kivulini mpaka walipoitwa.

Ndani walikuwamo watu wawili. Bi Mwende, mkuu wa mradi, alikuwa mama wa makamo kutoka Kitui. Pembeni yake aliketi Bwana Abdille, mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina na miwani iliyofungwa uzi. Kinsi alitangulia kumwamkia mzee, kiganja kifuani, maana hapeani mkono na mwanamume asiye wa nyumbani kwao. Mzee naye akaweka kiganja kifuani. Kisha Kinsi akamshika mkono Bi Mwende, akaomba mdogo wake akubaliwe kukaa kwenye benchi karibu na mlango, na mwenyewe hakuketi hadi alipokaribishwa. Ruweyda aliona wale watu wawili wakitazamana kwa kuridhika.

"Unaijua kazi tunayoitafutia mtu?" Bi Mwende aliuliza.

"Nimeambiwa kwa ufupi tu," alijibu Kinsi. "Ningependa kuisikia kutoka kwenu."

"Vyema. Ni ya kila asubuhi, hata Ijumaa, hata sikukuu. Umewahi kuifanya?"

"Naam. Nyumbani, tangu utotoni."

Bi Mwende aliinua nyusi. "Tangu utotoni! Kwa chombo gani?"

"Karai. Zikiwa nyingi naongeza ndoo."

"Karai?" Bwana Abdille alivua miwani. "Na ukikuta fumbi limeingia majini?"

"Namwaga yale machafu, nateka mengine safi."

"Unateka mengine!" Mzee alishika kichwa. "Binti, ukichanganya na ya mtoni, ya mbinguni utayajuaje?"

Bi Mwende alikuwa akijizuia kucheka. Kinsi alikunja uso kama mtu anayetafuta uzi ulipokatikia, akafungua kinywa ili aulize. Hakuwahi. Ruweyda alikuwa ameshasimama. Alichokiona yeye ni dada yake kudhihakiwa, na damu ikamchemka.

"Dada yangu ana fomu foo!" alipiga kelele. "Hakuja hapa kuchekwa! Wala hatawafulia nguo zenu!"

Ruweyda alisikia sauti yake mwenyewe ikimrudia masikioni, na hapo ndipo alipotambua alichokifanya. Aliyaona mabanda ya Hadado waziwazi.

Kinsi hakugeuka kumkemea. Alisimama akainamisha kichwa kidogo. "Naomba radhi kwa niaba ya mdogo wangu. Ananipenda, na leo mapenzi yametangulia adabu. Sisi tuliambiwa kazi ni ya kufua nguo. Naona tumesikia vibaya. Tafadhali nielezeni upya, ni kazi ya nini?"

"Mvua!" Bi Mwende alisema. "Ni kazi ya kupima mvua!"

"Mfua," alisema Bwana Abdille, akajisikia mwenyewe, akapiga paja. "Subhanallah! Ni mimi niliyemtuma dereva. Nilimwambia kazi ya mfua, naye akaibeleka hifyohifyo!"

Walicheka wote, Kinsi pia, na kicheko hicho hakikumuumiza mtu. Bi Mwende alipofuta machozi alimtazama Kinsi kwa makini. "Kwa hiyo ulikuja ukijua tunataka mfuaji, na cheti chako mkononi. Hukuona tumekudharau?"

"Nilijiuliza," alisema Kinsi. "Lakini nilikuwa sijaelezwa bado. Kazi ambayo sijaelezwa nitaikataaje? Nilisema nitasikia mpaka mwisho. Ikiwa hainifai, nitashukuru na kusema hivyo."

Bwana Abdille aliwachukua nje wakaone. Nyuma ya ofisi palikuwa na uwanja mdogo uliozungushiwa wavu. Katikati yake kilisimama chombo cha shaba kama debe jembamba, mdomo wazi kuelekea mbinguni. Ruweyda alitarajia mtambo wenye taa na kelele, lakini kitu hiki kilisimama kimya tu kikingoja. Mzee aliwaonyesha jinsi matone yanavyoingia kwenye chupa iliyomo ndani, na jinsi yanavyomiminwa katika bilauri yenye mistari, kila mstari ukiwa na kiasi chake.

Waliporudi ndani aliwaelekeza kwenye ukuta. Karatasi kubwa ilibandikwa pale, na juu yake miezi ilichorwa kwa nguzo za rangi ya samawati. Nyingi zilikuwa fupi kama kucha. Kisha ikaja Novemba ya mwaka uliopita. Nguzo yake ilipanda, ikapanda, ikaishiwa na karatasi, ikabidi karatasi nyingine iunganishwe juu hadi karibu na dari.

Ruweyda aliitazama nguzo hiyo mpaka shingo ikamuuma. Hayo ndiyo yaliyouangusha ukuta wa jiko. Hayo ndiyo yaliyowabeba mbuzi wa baba yake wakilia gizani. "Nani alitoka kupima siku hizo?" aliuliza, safari hii kwa sauti ndogo.

"Mimi," alisema mzee. "Maji yalinifika kifuani. Nilikwenda nikisoma dua." Alifuta miwani yake kwa ncha ya shati. "Mwenye mfua ni Mungu, binti. Sisi tunahesabu tu kile alichotuletea, ili siku nyingine tukiona dalili tuwaambie wafugaji mabema."

Kinsi naye alikuwa ameduwaa, kidole kikiifuata ile nguzo bila kuigusa. Ruweyda alimjua dada yake. Aliona kabisa kwamba moyo wake umeshaichukua kazi ile.

Walipoketi tena, Bi Mwende alisema, "Kituo kipya kitakuwa Modogashe, pale njia panda. Msomaji atalala hukohuko, maana kipimo hakikosi hata siku moja. Utaweza kuhamia?"

Sema ndiyo, Ruweyda aliomba kimoyomoyo. Sema ndiyo tu, mengine tutayaona.

"Nikiwa huko, nitaruhusiwa kurudi nyumbani mara kwa mara?" Kinsi aliuliza.

"Kwa nadra sana."

"Basi niseme kweli," alisema Kinsi. "Kazi hii ni nzuri kuliko nilivyotarajia, na ningeipenda. Lakini mama yangu ni mgonjwa wa goti na mimi ndiye ninayemwinua na kumlaza. Nikisema ndiyo leo, kesho nitakimbia kumwangalia, na mtaletewa vipimo vya kubahatisha. Sitawafaa huko. Yuko mwenzangu tuliyesoma pamoja, anaitwa Qali. Kwao ni Modogashe na hesabu anaziweza kunipita. Mkitaka nitamwambia aje."

Aliwashukuru mmoja mmoja kwa muda wao, akaomba ruhusa, akatoka.

Ruweyda alimfuata akiwa haamini masikio yake. Hadi walipofika barabarani, machozi yalikuwa yanamchuruzika. "Umeikataa! Ungenyamaza tu kuhusu mama!"

"Halafu?"

"Halafu ungepata!"

"Ningepata kisha ningewaharibia," alisema Kinsi. Macho yake pia yalikuwa mekundu. "Watu wanaangalia namba zile kabla ya kuhamisha mifugo, Ruweyda. Uongo wangu mmoja ungeweza kuwa mbuzi wa mtu mwingine." Ruweyda alimtazama dada yake akitembea mbele yake vumbini, wima, cheti mkononi na kazi hana, akaogopa kidogo, kama mtu aliyelala chumba kimoja na mgeni mkubwa miaka yote bila kujua.

Usiku huo Mzee Mowlid alisikiliza habari yote. Hakumlaumu Kinsi. Alisema tu kwamba lori la mizigo litaondoka kwenda Wajir mwisho wa wiki, na mama akaanza kumkunjia Ruweyda nguo.

Siku mbili baadaye, baada ya sala ya alasiri, mtu alibisha langoni. Alikuwa Bwana Abdille, amekuja kuzungumza na mwenye nyumba. Walimpa mkeka mzuri na chai ya maziwa ya ngamia. Alisalimia kwa urefu kama inavyotakiwa, akauliza afya, njia na malisho, ndipo akafika alikokuwa akielekea. Sasa alisema Kisomali, na maneno yakamtoka bila kujikwaa.

"Qali amekuja. Ni msichana barabara, tumemchukua. Lakini tangu siku ile Bi Mwende hana raha. Anauliza, kama neno letu la mvua limefika Waberi likiwa neno la kufua, huko mbali linafikaje? Tukatuma watu waulize. Kuna kituo kimoja mzee aliwaletea kanzu yake ya Idi ili waifue."

Mzee Mowlid alicheka kwa mara ya kwanza tangu mafuriko.

"Tumekuwa tukitangaza kwa Kiswahili na Kiingereza, tukidhani tumesema," Bwana Abdille aliendelea. "Tunahitaji mtu wa kukaa hapahapa Garissa, achukue habari za mvua na kuwaeleza wafugaji kwa Kisomali, sokoni na visimani. Awe mtu anayeweza kusema, samahani, sijaelewa, nieleze upya. Watu kama hao ni wachache. Wengi waliokuja ofisini waliitikia kwa vichwa kila tulichosema, na mmoja tulipomwambia ni Modogashe alisonya. Mowlid, tunamwomba binti yako, ukiridhia wewe, na akiridhia yeye."

Macho yote yalimgeukia Kinsi. Hata hapo hakurukia. Aliuliza saa za kazi, akauliza kama atarudi nyumbani kila jioni, akauliza ni nani atakayemfundisha. Alipojibiwa yote, alisema, "Bismillahi. Nimekubali." Mama Muslimo alijifunika uso kwa shungi akalia.

Lakini kuhusu Hadado hakuna aliyesema kitu. Nguo za Ruweyda zilibaki zimekunjwa pembeni, na yeye alizipita kila siku akiogopa kuzitazama.

Asubuhi lori lilipotazamiwa kuondoka, Mzee Mowlid alimchukua Ruweyda hadi soko la mifugo. Ng'ombe walijaa, vumbi lilipaa, madalali walishikana mikono chini ya vitambaa wakipatana bei kimyakimya. Ghafla Ruweyda alimwona Kinsi amesimama juu ya kreti, na Bwana Abdille pembeni yake. Wazee wenye bakora walikuwa wamemzunguka, wazee ambao hakuwahi kuwaona wakinyamazishwa na mtu, seuze msichana.

"Wazee wangu," Kinsi alisema, "dalili zinaonyesha msimu ujao mvua itakuwa haba. Msingoje mpaka malisho yaishe."

"Haba kiasi gani?" mtu mmoja aliuliza. Ruweyda alishtuka. Aliyeuliza alikuwa baba yake, na aliuliza kwa adabu, kama anayemuuliza mkubwa mwenzake.

Kinsi aliinua mkono wote juu ya kichwa chake. "Mwaka jana ilikuwa hivi," akasema, kisha akaushusha na kuonyesha kiungo cha kwanza cha kidole. "Msimu ujao inaweza kuwa hii tu. Lakini ajuaye hasa ni Mungu." Mnong'ono ukapita kati ya wazee. Kisha wakaanza kuuliza, mmoja baada ya mwingine, naye akasikiliza kila swali mpaka likaisha ndipo akajibu. Ruweyda alipanda juu ya jiwe ili amwone vizuri. Huyu ndiye aliyelala naye mkeka mmoja, na soko zima lilikuwa limesimama kumsikiliza.

Mzee Mowlid alimshika bega. "Unajua kilichompandisha pale?"

"Kusoma, Aabo."

"Wako waliosoma zaidi yake. Wewe ulisikia neno nusu ukalikasirikia. Yeye alisikia nusu hiyohiyo, akaomba aelezwe nusu iliyobaki. Na alipoona kazi haimfai, hakuidharau, hakudanganya ili aipate, wala hakuondoka bila kushukuru. Mtu ukimwachia nafasi kwa heshima, atakukumbuka akiwa na nafasi nyingine. Shika hilo, mwanangu."

Kule ng'ambo ya zizi, lori la Wajir liliwasha injini. Maneno yalimjia Ruweyda mdomoni yote kwa pamoja: sitaki, siendi, mmenionea. Aliyameza. Alivuta pumzi, akamgeukia baba yake.

"Aabo, naomba kuuliza. Mimi bado nakwenda Hadado?"

Mzee Mowlid alimtazama kwa mshangao. "Tangu Kinsi apate kazi, nguo zile ni za likizo tu, ukamsalimie Ayeeyo shule zikifungwa. Nilidhani mama yako amekwambia." Akatabasamu. "Ulikuwa unangoja nini siku zote kuuliza?"